Kombeo Lako Halivumi Tena

Somo yangu Damari, wajina wangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Nitakuulizaje hali, na ni mimi niliyekufunga kanga ya mwisho? Basi tusidanganyane. Nimekwama, somo. Nimekwama kama mtumbwi kwenye matope, na aliyekuwa akinisukuma ni wewe.

Rehema wako alikuja mwezi jana kutoka Garsen. Bado yuko kwenye kile kiduka cha kuchapa na kutoa kopi, amenenepa kidogo, usihofu. Akaniambia mpunga ukishavunwa kaburi lako litajengwa na msalaba utawekwa. Ndugu wote watakuja, hata wale wa Bura, na mchungaji akimaliza kuomba mimi nitasimama nisome. Nisome nini? "Mama mdogo, soma ile hadithi ya mama wa mtumbwi. Mama alisema hiyo inazishinda zote." Ala! Kumbe ulimwambia! Miaka yote hiyo nilidhani wanaojua kwamba naandika ni mimi, wewe na ndege. Nikamjibu, "Nitaona." Unajua mimi nikisema nitaona, sioni kitu.

Mpunga umeanza kutia maziwa sasa, na ndege wamejua kabla yetu, kama kawaida yao. Kila asubuhi napanda dungu langu la kufukuzia ndege, na kombeo langu na rundo la vidonge vya udongo, na karatasi zangu ninazo chini ya leso, lakini sizitoi. Nizitoe nimsomee nani? Zamani nilisoma kwa kupiga kelele, maana dungu lako liko ng'ambo ya mpaka wa shamba na hapakuwa na njia nyingine ya kukufikia. Nadhani ndiyo maana hadithi zangu zote zimekaa hivyo, sentensi fupifupi za mtu anayepaza sauti. Hukuwahi kuniambia hii nzuri, hii mbaya. Hadithi ikipwaya mahali, nilisikia kombeo lako likivuma, nikajua umekumbuka ndege. Pakikaza, ulinyamaza kimya, nao wakashuka kwako wakala wakashiba. Jioni nilikuwa nakata kila mstari uliopigiwa kombeo. Na nikikupigia kelele, "Ndege wako, somo!", ulikuwa unanijibu, "Soma wewe, mpunga utaota tena!"

Ndiyo sababu shamba lako lilikuwa linaliwa kuliko la mtu yeyote. Mama mkwe wako alisema una mkono mzito. Shemeji, mumeo, maskini wa Mungu, hakukulaumu. Alikwenda akaokota makopo matupu, akayatoboa, akayatundika kwenye kamba kuzunguka shamba zima ili ukivuta yalie, yakupunguzie kazi. Wewe ukawa huvuti, ati yanakuzuia kunisikia. Tulicheka siku ile mpaka ukashuka dungu mbio kwenda vichakani.

Na ile ya mtumbwi ulinipa mwenyewe, usikatae. Ulikuwa umechoka, umekaa ukingoni unaosha miguu, ukasema, "Siku moja nitaacha sufuria motoni, nipande mtumbwi, mto unipeleke mpaka Kipini nikaone maji yasiyo na ng'ambo." Mtu mzima na wajukuu, na Kipini hapo chini tu, hujawahi kufika. Nikaenda nikamwandika mwanamke anayefanya kila kitu kwa mkono wa shoto kama wewe, anayezungumza na vyombo vyake vya jikoni, anayeiambia sufuria ya maharagwe "ningoje hapo" na kuondoka. Nilipokusomea ulipiga kelele, "Huyo ni mimi, mwizi wewe!" Kisha kombeo lako likanyamaza asubuhi nzima. Na kesho yake pia.

Nilikuwa nimemfikisha kona ya mwisho ya mto miguu yako ilipoanza kuvimba. Kitandani hospitalini hukuniuliza habari za shamba wala za watoto wangu. Uliniambia, "Usimsomee mtu kabla sijajua kama alifika." Nikacheka, nikakuahidi. Sikuwa na mwisho, somo, nilikuwa bado nautafuta. Ukaondoka.

Sasa niambie nifanyeje. Ulinikataza, na mwanao ananiomba. Na si kukataza kwako tu kunakonitesa. Huyu mwanamke wa mtumbwi hana mume mbaya. Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa na mume wa kumpiga watu wangesema heri yake ameondoka. Lakini mume wake ni mtu mwema, anamtengenezea jiko, anamletea kambare kutoka mtoni, na bado yeye anaacha sufuria motoni. Nikisoma hayo kaburini, kijiji chote cha Ngao kitakutambua kwa ule mkono wa shoto, na shingo zote zitamgeukia shemeji, naye atakuwa amekaa mbele kabisa na lile koti lake la kanisani. Nitamtazama na uso gani?

Nikinyamaza nayo, je? Hakuna mahali pengine unapozungumza. Kwenye picha yako iliyo ukutani kwa Rehema umekaza uso kama unasubiri kitambulisho. Kwenye karatasi zangu unaikemea sufuria. Siri ya mtungi aijuaye kata, wazee walisema, ila hawakusema kata ikivunjika mtungi umwambie nani.

Na hata sijui kama ni nzuri! Nilijaribu, usinicheke. Dada yangu wa Bura nilimtumia kipande kwa simu, akanirudishia kidole gumba. Kidole gumba ndiyo nini, somo? Pamepwaya au hapajapwaya? Nikakaa naangalia kile kidole mpaka simu ikazima. Ningetoa debe la mpunga kusikia kombeo lako mara moja tu, hata kwa kunikatiza.

Tangu uondoke mto umekula ukingo pale tulipokuwa tunafua. Jiwe lako la kusugulia halipo, limekwenda na maji. Na dungu lako lina mtu. Nilitegemea Rehema atamweka mtu wa kibarua, lakini aliyepanda ni shemeji mwenyewe. Ndiyo, mwanamume yule na mvi zake, anaamia ndege. Wenzake wakipita na baiskeli wanamtania, wanamuuliza ameolewa lini. Anawajibu, "Mpunga aliuotesha yeye, nitaumaliza mimi." Na anajua kazi, jamani! Anavuta kamba, makopo yanalia, anarusha udongo, sauti imemkauka. Hakuna ndege anayetua shambani kwako. Sijawahi kuona shamba lako limejaa hivyo, na kila nikilitazama nalia kama mjinga.

Jumanne nilishindwa. Sikupanga. Nilikaa pale juu, jua halijakolea, umande bado uko kwenye majani, na mdomo ukafunguka wenyewe. Nilitoa karatasi nikaanza kukusomea, kwa sauti ile ile ya zamani, nimegeukia upande ule ule. Haki ya Mungu nilijua ni nani yuko pale. Nilijua, na sikuweza kujizuia. Nilidhani makopo yatanifunika.

Mwanzoni yalilia. Kombeo lake likavuma mara mbili pale kwenye habari za soko, na wewe hapo ungelipiga vile vile, pamepwaya kweli. Kisha nikafika kwenye maharagwe. Nikasoma anavyofunga leso kwa mkono wa shoto. Nikasoma "ningoje hapo." Nikasikia kimya. Niliinua macho, nikaona ndege wanashuka shambani kwako, wengi, mpunga unainama, na yeye amesimama na kombeo limening'inia mkononi, hatupi. Nilijiambia mimi mwenyewe, Damari, umeua mtu leo. Lakini mdomo uliendelea kusoma, mpaka ile kona ya mwisho ya mto, na hapo karatasi zikaisha.

Halafu akanipigia kelele kutoka kule, "Kumbe hiki ndicho kilichokuwa kinamaliza mpunga!" Sikujua anacheka au analia, umbali ule huwezi kujua. Kisha akauliza, polepole, karibu nisisikie: "Alifika?"

Somo, aliuliza swali lako. Neno lile lile. Nilijifanya naona ndege kwangu, nikashika kombeo, nikatupa udongo hewani pasipokuwa na kitu. Nilishuka mapema siku hiyo nikapita njia ya nyuma nisikutane naye.

Jumatano sikusoma. Nilikwenda nimejiapiza. Lakini nilipopanda nilisikia kuna kitu kimepungua, shamba limetulia mno, nikaangalia. Ameyashusha makopo. Yote. Ameyarundika chini ya dungu lako na kamba ameizungusha vizuri juu yake, na yeye amekaa amegeukia kwangu, kombeo liko mapajani. Hakuniita. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu aliye mapokezi ya hospitali.

Basi hapo ndipo nilipo. Nina msikilizaji na sina mwisho. Nikiandika alifika, nimemwambia kwamba mkewe alitaka kuondoka na akaondoka. Nikiandika alirudi kwa sufuria yake, nitakuwa nimekudanganya wewe, na wewe ungelipiga kombeo hilo mpaka likatike. Nimeandika yote mawili nimeyachana. Kila usiku najiambia kesho nitajua, kukicha sijui.

Siku ya msalaba sijui nitasoma au nitasimama pale kama gogo. Rehema ananipigia simu, namwambia nitaona. Ila jana nilifanya jambo moja. Nilimpigia kelele shemeji kwamba nitaisoma tena tangu mwanzo, yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na akisikia pamepwaya asione haya, apige kombeo, ndivyo wewe ulivyokuwa unafanya. Akaitika.

Kwaheri, somo yangu. Lala pale penye kivuli, usiniwazie sana. Nakuahidi hakuna atakayesikia kama yule mama alifika kabla yenu ninyi wawili, na nikiupata huo mwisho nitausoma kwa sauti kubwa, uufikie huko uliko. Nimesoma tena leo asubuhi. Hakulipiga kombeo hata mara moja, na mpunga wako unakwisha.

Ni mimi mwenzio,
Damari