Mifuko Kumi na Miwili Kutoka Msituni

4 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima, isipokuwa goti.

Nimeiona picha yako gazetini: koti jeupe, tabasamu, na maneno "mtaalamu wa viumbe wanaoozesha majani". Hongera. Gazeti halikusema ni nani aliyepiga magoti msituni miaka kumi na mmoja akitandaza mifuko ya wavu yenye majani makavu, wala ni nani aliyekuonyesha nyuzi nyeupe za ukungu ulipokuwa hujui hata kufunga viatu. Nadhani nafasi haikutosha. Picha yako ilikuwa kubwa.

Mifuko kumi na miwili ya msimu huu nimempa dereva wa maabara yenu leo.

Dada yako mkubwa

19 Machi

Dada, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Huku si kwema. Mifuko ilifika na unyevu wake, imefungwa vizuri kama kawaida yako, lakini majani hayana uhai. Wiki nzima nimeyaweka kwenye sahani za kuoteshea, na hakijaota kitu. Si bakteria, si ukungu. Majani ya msituni, dada! Kijiko kimoja huwa na viumbe wengi kuliko watu wa mji huu.

Mkuu wa maabara anasema niliyapitisha kwenye mtambo wa kuua vijidudu kwa uzembe. Nitahojiwa mwisho wa mwezi, na huenda nikafukuzwa kazi. Huko kulitokea nini? Hata neno moja litanisaidia.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti linauma.

Huku hakukutokea jambo lolote. Kazi ya maabara inataka utulivu, nawe tangu utotoni ni mtu wa pupa. Wenye picha magazetini wachunge mikono yao.

Dada yako mkubwa

2 Mei

Dada, shikamoo. Mimi sijambo.

Kabla ya kuhojiwa nililitazama jani moja kwa makini. Halikukauka kwa jua. Lilikuwa limelegea kama mboga iliyotoka jikoni. Mtambo sikuugusa. Uliyachemsha, dada.

Nimesaini kwamba kosa ni langu. Sasa naosha chupa. Wakijua, watakunyang'anya kazi ya msitu na ufunguo wake, nawe utakaa nyumbani ufanye nini? Nyamaza tu, utume mifuko mingine.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Sijui nikujulie hali vipi.

Niliyachemsha. Nilisimama jikoni nikitazama maji yakigeuka rangi ya kahawia, na nilifurahi. Sitakuficha hilo.

Lakini nisikilize. Koti jeupe umevaa wewe. Gazetini umetoka wewe. Mama alikufa akikuita wewe, na mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Sasa unataka na kosa langu uwe nalo wewe, ili watu waseme una moyo mzuri? Hilo hulipati. Ni langu.

Nimemwandikia mkuu wako kila kitu, kwa jina langu kamili. Dereva anampelekea barua hiyo leo, pamoja na mifuko kumi na miwili inayonuka uozo mzuri, na ufunguo wa geti la msitu.

Dada yako