Nilimwita Mkwe Wangu kwa Jina, Gemu la Ndege Limepamba Moto

Mshauri mpendwa, nakuamkia kwa heshima zote na nakuomba unijibu kabla Jumamosi haijafika, maana hapa nilipo nimekwama na sina wa kumwambia.

Mimi nina duka la vyombo hapa Kasulu mjini, kwetu ni Tanga, mke wangu Rabia ni Muha wa Kibondo, na mama yake tunaishi naye tangu alipopooza mkono wa kulia, kwa sababu kule Kibondo alikuwa anakaa peke yake na hapa pa kufanyia mazoezi ya mkono ni karibu. Sasa kwa mila ya kwao mwanaume na mabukwe wake, yaani mama mkwe, hawakai pamoja, hawali pamoja, na kumtaja jina ndiyo usiseme kabisa, kwa hiyo alipofika tukawa tunaamkiana kupitia pazia na kila neno linapita kwa Rabia, na mimi nikazoea, nikaona sawa.

Mwaka huu nikanunua gemu la kuchomeka kwenye TV, la mtumba, lina ule mchezo wa ndege za vita niliokuwa naucheza utotoni Tanga kwenye mashine ya kutumbukiza sarafu, ndege yako iko chini, maadui wanamiminika kutoka juu, wewe unapiga risasi na kukwepa, na mnaweza kucheza wawili, mmoja ndege nyekundu mwingine ya bluu. Mama akawa anachungulia. Siku moja nikasikia nyuma ya pazia, "Rabia, mwambie mumeo anapigwa kutoka kulia, haoni?" Wallahi nilicheka mpaka pedi ya kuchezea gemu ikanidondoka. Baadaye akaomba naye ashike, na mshauri, mkono uleule ambao mtaalamu wa mazoezi aliupa mpira wa kuminya, Mama akautupa mpira uvunguni akisema yeye si mtoto, mkono huohuo ukaanza kubonyeza kitufe cha risasi, na akiangusha adui anashangilia mpaka wateja dukani wanauliza kuna nini.

Tatizo likaja kwenye picha. Mchezo huu tangu asili kioo chake ni kirefu kwenda juu, ukiuweka kwenye TV zetu hizi pana picha inabaki kipande kidogo katikati na pembeni kote ni giza, Mama akawa haoni vizuri. Ndani ya gemu kuna sehemu ya kugeuza picha, basi nikaigeuza na TV nikailaza ubavu, nikaiegemeza kwenye gunia la mchele. Picha ikawa kubwa, lakini TV yenyewe ya bei poa, ukiitazama kwa upande huoni kitu, lazima mkae katikati. Ndiyo tukajikuta kwenye mkeka mmoja, bega kwa bega, na Rabia akasema, "Mimi simo."

Siku ya tukio shemeji yangu Hilali alikuja kutoka Kibondo na maharage ya Mama, akapiga hodi hatukumsikia kwa milipuko ya gemu, akafungua mlango, na wakati huohuo lile lidege kubwa la mwisho limembana Mama kwenye kona, nikapayuka, nikamwita kwa jina lake, jina kavu, ambalo hata hapa siliandiki, "Fulani, kwepa!"

Mama akaweka pedi chini, akajifunika kanga usoni, akaingia chumbani. Hilali akasema tu, "Kumbe ndivyo mnavyoishi huku," akaondoka hata maji hakunywa. Sasa baba zake wadogo Rabia wamepiga simu kuwa Jumamosi wanakuja kumchukua shemeji yao. Rabia ananiambia, "Umenivua nguo mbele ya watu wa kwetu, Lukmani." Mama naye mkono amerudi kuuficha ndani ya kanga. Nimewaza kulivunja gemu. Nimewaza pia niwaeleze waziwazi kuwa mila hiyo imepitwa na wakati na Mama alikuwa anapata nafuu. Nifanyeje?

Lukmani, Kasulu

*

Lukmani, pole. Ipokee haraka, maana inayofuata ni fimbo.

Gemu halijakukosea, liache. Na eti uwaambie wazee wa watu mila yao imepitwa na wakati? Thubutu! Mila yenyewe umenieleza wewe, hujaruka hata kitu kimoja, halafu ukaenda kuketi bega kwa bega na mama wa watu kwa sababu TV haionekani vizuri. Mkeo alikwambia "mimi simo" ukaendelea kucheza. Jina lilikutoka kwa bahati mbaya, nakubali. Mkeka uliukalia huku ukijua.

Usingoje Jumamosi. Mtafute mshenga aliyekuposea Rabia, mwende naye Kibondo kesho. Kule funga mdomo, aseme yeye: jina limemponyoka kijana wetu, tumekuja kuomba radhi. Wakikutoza mbuzi, toa mbuzi, tena aliyenona, usianze ubishi wa dukani.

Huku nyuma Rabia akae na mama yake amuulize anataka kuishi wapi. Nimeisoma barua yako yote: wewe unataka abaki, baba wadogo wanataka aondoke, ila yeye hakuna aliyemuuliza. Jibu lake Rabia alifikishe kwa wazee, si wewe. Na habari za mkono mwulizeni mtaalamu wa mazoezi, mimi si daktari.

Akisema anabaki, pedi yako mpe Rabia. Mlicheza wawili, na yule binti kazi yake ikawa kupitisha maneno tu. Huyo ndiye wa kukaa kwenye mkeka ule, na asipojua kucheza mama yake atamfundisha.

Akisema anarudi Kibondo, lifunge gemu, pedi zote mbili, na hiyo TV uliyoilaza, umpe aende navyo. Najua itakuuma, kwani ulishapata mtu wa kucheza naye, na hilo hukuniandikia. Lakini uliniandikia mkono wa Mama. Kama ni mkono kweli, basi upone hukohuko Kibondo, wewe usiwepo, na bado ufurahi.