Mrehani wa Katikati ya Ua

Jumanne, 1 Julai

Nimechuma kabla jua halijawa kali. Mafungu kumi na mawili ya mrehani, manane ya mchaichai, kapu la kisamvu, bamia kidogo. Bamia zimekomaa, kosa langu. Jana nilikaa nikijihurumia badala ya kuchuma.

Sokoni nakaa pembeni mwa Mama Rosa wa Diaca, muuza mihogo. Hana breki mdomoni. Anasema mboga zangu zinatoka haraka kwa sababu ya sura yangu ya msiba, watu wananionea huruma. Nimecheka. Halafu nimenuna mpaka adhuhuri, maana ni kweli.

Kila mnunuzi namuuliza lilelile. Siku zile za mbio, vita vilipoingia, ulibaki mjini? Ulimwona mama yangu, Bi Mwanahawa, aliyekuwa hawezi kutembea? Unajua alizikwa wapi? Hiyo ndiyo sababu ya kuuza. Bila hivyo, mboga zinazobaki jikoni ningewagawia majirani, yakaisha. Lakini sokoni hupita kila mtu.

Leo hakuna aliyejua.

Alhamisi, 3 Julai

Alhamisi ni siku ya mrehani. Watu wananunua wa kupeleka makaburini kesho Ijumaa. Umekwisha mapema. Kila mtu namfungia fungu lake, nasema Mungu amrehemu. Fungu langu mimi sina pa kulipeleka. Nimerudi nalo nyumbani, nimeliweka kizingitini, likanyauka hapo. Nawaonea watu wivu kwa makaburi yao. Sikujua kama kuna wivu wa namna hiyo.

Kaka Abdala amepiga simu kutoka Pemba, hii yetu ya Msumbiji. Harudi mpaka kaburi lijulikane. Hawezi kuja kukanyagakanyaga mahali asipopajua, anasema.

Rahisi kusema ukiwa Pemba. Mimi ndiye niliyemwacha mama kitandani na ndoo ya maji. Alisema nenda, nikaenda. Abdala hakuwepo. Hajawahi kunilaumu kwa mdomo, na hana haja.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeongeza matuta mawili. Mgongo umekufa.

Mirehani yote hii imetoka kwenye kichaka kimoja. Nilikikuta mwaka jana niliporudi. Paa limeungua, magugu kila mahali, na katikati kabisa ya ua, pale pale pa kupita watu, mrehani umesimama peke yake. Nilimcheka mama. Sisi sote tunapanda mlangoni au chini ya dirisha, yeye kapanda njiani! Niliung'oa, nikakata vijiti, nikavichomeka kote, na pale ulipokuwa nikapalima. Sasa ua mzima unanukia. Ndicho kitu pekee ninachojivunia tangu nirudi.

Jumanne, 8 Julai

Mama Rosa kaniletea mchuuzi anayevuka mpaka pale Namoto kufuata kanga na sabuni. Anasema ng'ambo ya Ruvuma yuko Bi Anshura, jirani yetu wa zamani, mwosha maiti. Yu hai. Siku zile hakukimbia na sisi, alitoka mwisho kabisa.

Niliinuka ghafla, nikammwagia mteja pilipili miguuni. Mchuuzi amechukua namba yangu. Nimesali rakaa mbili nyuma ya magunia ya mihogo.

Alhamisi, 10 Julai

Simu kimya. Nimeuza mrehani bila kumtazama mtu usoni. Kuna harusi Jumapili, wanataka wa vikuba, vile vishada vya kunukia vya bibi harusi. Nimeahidi kapu zima.

Nimemfokea Mama Rosa bila sababu. Akaendelea kumenya mihogo. Baadaye nikamwomba radhi. "Tá bom, yameisha, dada Zaina. Kula kwanza, ugomvi utaukuta," akanipa muhogo wa kuchemsha. Nimekula huku nalia.

Ijumaa, 11 Julai

Ujumbe wa sauti umeingia. Bi Anshura. Nimeusikiliza mara nne. Nauandika alivyosema, nisije nikajidanganya.

"Mwanangu Zaina. Mamako alifariki siku ya tatu, kwa utulivu, mimi nipo. Nilimwosha mwenyewe. Makaburini hakukuwa na njia, tukamzika hapohapo uani, mimi na wazee wawili. Jiwe hatukuweka, tuliogopa. Nikachomeka mrehani upande wa kichwa. Nikasema wanawe wakirudi watajua tu, hakuna mtu apandaye mrehani katikati ya ua. Bado upo?"

Bado upo, ananiuliza.

Niliung'oa. Nikalima juu yake kwa jembe langu mwenyewe. Kila asubuhi nimepita hapo na ndoo, na viatu vyangu vya matope. Majani yake nimewauzia watu wayaweke kwenye makaburi ya mama zao. Mwaka mzima nimekwenda sokoni kumuulizia mtu niliyekuwa nimesimama juu yake.

Natamani nisingekuwa hodari wa kazi. Mvivu angeuacha.

Jumamosi, 12 Julai

Nimetafuta. Nimetambaa tuta kwa tuta. Kichaka kilikuwa mkabala na mlango, au kuelekea kisimani? Sikumbuki. Sikuacha hata kisiki. Matuta yote yamenyooka, yamelingana, nimeyafanya mazuri. Nayachukia.

Mama Rosa amekuja, akakaa nami chini kwenye vumbi. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama tungechimba kidogo tu tuone. Nimekataa. Nimeshamsumbua mama vya kutosha. Jembe nimempa Mama Rosa aende nalo Diaca, sitaki kuliona.

Watu wa harusi walikuja na kapu. Nimewaambia mrehani hakuna. Waliutazama umejaa ua mzima, wakanitazama mimi, wakaondoka. Najua watakachosema.

Nimempigia Abdala. Nimemwambia yote, bila kujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu.

Jumatatu, 14 Julai

Sokoni sikwenda. Ua sijaukanyaga. Napita ukutani kama mwizi. Mirehani imeanza kulegea kwa kiu na mimi sijui niweke mguu wapi.

Nimemwomba mama msamaha kwa sauti. Jirani amechungulia.

Jumatano, 16 Julai

Abdala amefika asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Amesimama penye mlango wa ua. Hakuuliza ni wapi. Amevua viatu, akaviacha nje, akaja moja kwa moja nilipokuwa.

Tumesoma Yasini tukiwa tumekaa kizingitini. Sauti yake imefanana na ya baba siku hizi.

Kisha akateka maji. Yeye ndoo, mimi kopo, wote miguu mitupu. Tumeanzia ukutani tukaenda polepole mpaka kisimani. Tumemwagilia matuta yote. Hatukuruka hata moja.