Mvule Uliokataa Kuuza

Mama,

Shikamoo. Mjukuu wako Zuhura amelala mgongoni kwangu, ana mafua, kwa hiyo naandika nimeinama. Unisamehe mwandiko.

Msitu wetu kule Matombo haujakatwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kabla hata ya kuuliza nimekula nini.

Baada ya arobaini yako, mjomba alileta mnunuzi wa mbao. Hela taslimu, siku hiyo hiyo. Wiki haijaisha wakaja watu wa hewa ukaa. Wao wanalipa ili miti ibaki, maana inameza moshi wa viwanda vya huko mbali. Ila wanalipa kidogo kidogo, kila mwaka, wakishapima. Mjomba akacheka: "Mti ulipwe kwa kusimama? Basi na mimi nilipwe, nimesimama hapa tangu asubuhi." Lakini ardhi ya ukoo wetu inafuata wanawake. Mama wadogo wakasema wewe ndiye uliyekuwa mkubwa, basi neno la mwisho ni langu.

Tuliposikia wapimaji wanakuja, tukafanya kama kwa wageni wowote. Tukafagia msitu. Magogo yaliyooza tukachoma, vichaka tukafyeka. Mpimaji alipofika akashika kichwa. Kumbe na hayo yameshika hewa ukaa, nayo huhesabiwa. Ungetucheka wewe.

Kisha akazungusha utepe kwenye mvule wa pale chemchemini. Ule ule niliokuomba uuze nilipokosa ada kidato cha pili, ukaniambia, "Huo si wangu, ni wa watakaokunywa maji." Nikaacha shule. Siku ile nilipanda kule nikaupiga panga mara tatu. Sikuwahi kukuambia. Kovu limefunga, limebaki uvimbe, na utepe ukapita juu yake. Akauliza umepatwa na nini. Nikasema kuna mtoto alikasirika.

Sikusaini siku hiyo. Karatasi yao ilikataza kuokota kuni, hata kavu. Nikawaambia sisi hatupikii karatasi. Wakaondoka, wakarudi na karatasi mpya iliyoruhusu kuni kavu, na iliyosema kwamba hela tutapokea mimi na mama wadogo wawili, si mjomba peke yake. Hapo nikasaini.

Mjomba sasa hasemi nami. Hela bado hazijaja, na mwenye chumba nilichopanga hapa Kihonda anadai kodi. Hewa hailiwi, Mama. Kuna siku najuta, nakuambia ukweli.

Kuhusu chemchemi ulikuwa sahihi, kiangazi hiki haikukauka. Kuhusu shule yangu, hata leo sijui.

Pumzika. Mvua zikianza nitakuja kupalilia kaburi lako. Zuhura akifika kidato cha pili, ada nitaitafuta hata kwa kufulia watu nguo. Mvule sitauza. Ila sitamwambia neno moja nikanyamaza kama wewe. Nitakaa naye chini nimweleze mpaka aelewe, asije naye akachukua panga.

Mwanao,
Mwanaidi