Kidole Kilichozikwa Mtoni

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sie wazima huku Temeke. Bibi yako anakohoa kidogo tu, na kuku wako ametotoa.

Umeuliza kama kweli kidole nilichokatwa na mashine kule Chang'ombe, ujanani, kiliendelea kuniwasha. Kweli tupu! Mama alikifunga kitambaa cheupe, akakizika makaburini Mtoni. Siku ya tatu kikaanza kuwasha. Nikamlaumu, "Mama, umekizika kikiwa kimekunjika." Masikini, akaenda kukifukua, akakinyoosha, akakizika upya. Muwasho uko palepale.

Basi akaushika mkono wangu, akakuna hewani, pale kilipokuwaga kidole. Wallahi, ukaisha.

Sasa unaniandikia kwamba ubongoni kuna seli za fahamu zenye mikia mirefu kama nyuzi, zinazopashana habari, na kwamba zile za kidole changu bado zipo, zinangoja habari zake. Nimesoma mara tatu. Mama amekufa zamani, Zuhura. Hebu muulize mwalimu wako wa uuguzi: ile seli iliyosikia kucha za mama hewani, nayo bado ninayo?

Babu yako,
Mzee Shomari