Uvimbe Umerudi Shingoni

Zaituni binti yangu,

Assalamu alaikum. Nimekwenda hospitali. Majani ya sombe yamekwisha kupondwa, yapike mapema.

Asubuhi uliponivua shali ukasema, "Papa, ile maji ilirudia, na weye unanyamaza tu!", nilikukemea. Nisamehe. Mara ya kwanza, muuguzi alipoyavuta maji shingoni kwa sindano na uvimbe ukanywea, nilijiona nimepona, hata nikasomesha maulidi ya shukrani. Leo daktari amenionya kwa simu: katika umri wangu, uvimbe wa maji waweza kuwa saratani iliyoanzia kooni. Watanipiga picha ya ekografia shingoni, wachunguze koo, wakate kinyama wakipime.

~~Usimwambie mama yako.~~

Mwambie mama yako, kwa upole. Kisha njooni wote wawili. Sitaki kumsikiliza daktari peke yangu.

Baba yako