Tiwi Mpaka Shimoni kwa Miguu

Jumapili, 4 Januari 2026

Kaka amekubali! Abdiwahid, ambaye hata nikienda saluni anauliza narudi saa ngapi. Nimemweleza yote: tunaruka mpaka Nairobi, tunashuka Mombasa, halafu mimi na Teresa tunatembea ufukweni kutoka Tiwi mpaka Shimoni, mdogo mdogo. Akacheka mpaka akakohoa. Watu wana magari, nyinyi mnatafuta malengelenge. Sharti lake moja tu: Teresa akiwepo, naenda. Bila Teresa, nikae dukani. Anamwamini kuliko mimi dadake. Sawa! Miaka yote hii Juba nanusa magunia ya unga. Nataka kutembea mahali ambapo hakuna mtu wa kuniita kutoka upande wa pili wa kaunta.

Jumatano, 7 Januari

Teresa ana cherehani yake mlango wa pili kutoka dukani kwetu. Amekulia Uganda ukimbizini, bahari hajaiona. Nimemchorea ramani: ufuo, Mto Mwachema, mikoko ya Gazi, mishale pa kuvukia. Binamu Elmi wa Mombasa kasema twende wakati wa bamvua, mwezi ukiandama. Asubuhi maji yanakupwa mbali, mtu anavuka kwa miguu. Nimeandika saa za maji pembeni.

"Na hiyo maji inarudi kweli?" Teresa akauliza. Nilicheka hadi machozi.

Jumamosi tunafanya mazoezi. Mabegi tumeyajaza pakiti za sukari za dukani, tuzoee uzito.

Jumamosi, 10 Januari

Tulitoka alfajiri, njia mpya, Teresa hapendi vumbi la ile ya sokoni. Kumbe mbele kuna kizuizi cha askari. Teresa alikuwa nyuma kidogo, anafunga kamba ya kiatu. Askari akafungua begi langu. Sukari. Chini ya sukari, sukari. Mwanamke anapeleka wapi sukari alfajiri? Nikasema mazoezi. Ya nini? Ya kutembea. Wallahi hata mimi nilijisikia mwongo.

Halafu akatoa ramani. Mto, mishale, saa za kuvuka. Mto gani huu? Nani anavuka? Nikasema ni Kenya, ni likizo, muulize mwenzangu yule, ni raia wa hapa. Kitambulisho anacho, Kiarabu cha Juba anakimwaga. Neno moja lingetosha.

"Ana ma arufu uo," Teresa akasema. Simjui huyu.

Hakuniangalia. Begi lake hawakuligusa. Akapita na sukari yetu mgongoni!

Nilikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, ndipo mkubwa wao, mtu mpole, akampigia kaka. Kaka akaja kunichukua. Nami Teresa sikumtaja. Ramani wamebaki nayo.

Jumapili, 11 Januari

Sikulia. Uongo, nimelia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilidhani ni maneno ya vitabu vya shule.

Jumanne, 13 Januari

Amekuja. Kasimama mlangoni na futi ya kupimia nguo shingoni, macho chini. Anasema Uganda walimwita mkimbizi, hapa wanamwita wa Uganda, na kitambulisho chake hata yeye hakiamini. Akiona sare, mdomo unakwenda wenyewe. "Mimi iliogopa, dada."

Nimemwelewa. Hilo ndilo linaloniudhi! Afadhali ningemchukia nikalala.

Halafu, bila haya: bado tunaenda? Viatu ameshanunua.

Alhamisi, 15 Januari

Kaka amemwita Teresa nyumbani. Chai, kiti kizuri, heshima zote. Safari ni keshokutwa. Akamuuliza taratibu: siku Hadiyo alipozuiliwa, wewe ulikuwa wapi?

"Mimi ilikuwa nyumbani, mzee. Tumbo."

Hata mate hakumeza. Mara ya pili hii! Kaka akanigeukia: ni kweli?

Nikasema maziwa yanafurika, nikakimbia. Jikoni hakuna maziwa. Nimekaa juu ya ndoo, naandika gotini. Nikisema ukweli, safari imekufa, na Teresa hatakanyaga tena nyumba hii. Nikisema ndiyo, naenda baharini na mtu ambaye kesho nikipatwa na jambo atasema hanijui.

Kaka ameita. Bado naandika.

Sasa Teresa ndiye anayeniita, sauti tamu kabisa:

"Hadiyo, dada yangu, njoo basi."